Kipimo cha Damu na Ugumu wa Ateri: Hoja ya Kuanza na Chanzo cha Kushindwa kwa Moyo

Tangu watafiti wa Japani walipoitenga homoni ya BNP kutoka kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1988, uchunguzi wa moyo ulioshindwa kufanya kazi umezidi kuhamia maabara. Kuta za ventrikali zinapovutwa na shinikizo au wingi wa damu, seli za moyo humwaga homoni hiyo pamoja na kipande chake kisicho na kazi, NT-proBNP, kinachokaa muda mrefu zaidi kwenye damu. Mtu aliyeanza kuhema ghafla akikutwa na NT-proBNP chini ya pikogramu 300 kwa mililita, daktari anaweza kutafuta sababu nje ya moyo. Ni kipimo cha thamani kubwa. Lakini kinaeleza kiasi ambacho ventrikali imelemewa, hakielezi imelemewa na nini, na kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki swali hilo la pili ndilo zito.

Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Shinikizo la juu la damu lilikuwa chanzo kwa takribani asilimia 45, huku kuziba kwa mishipa ya moyo yenyewe kukiwa chini ya asilimia 8. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, uliohusisha wagonjwa 427, ulionyesha sura inayofanana: wastani wa miaka 55, na presha ikiongoza. Ulaya na Marekani, mgonjwa wa kawaida wa ugonjwa huu amepita miaka 70, na mara nyingi mishipa ya moyo wake imeziba. Viwango vingi tunavyovitumia kusoma majibu ya maabara vilipatikana kwa watu hao.

Presha ya miaka mingi hubadilisha mishipa mikubwa. Aota ya kijana hutanuka moyo unapopiga, ikahifadhi sehemu ya damu, kisha ikaisukuma mbele wakati moyo unapopumzika. Uwezo huo unatokana na nyuzi za elastini. Mwili wa mtu mzima hutengeneza elastini kidogo mno, kwa hiyo nyuzi zinapokatika, nafasi yake huchukuliwa na kolajeni isiyonyumbuka. Wimbi la mapigo hupita upesi zaidi katika mshipa mgumu. Kasi yake kati ya mshipa wa shingo na ule wa kinena ikizidi mita 10 kwa sekunde, huhesabiwa kuwa dalili ya madhara. Hatari kubwa iko katika marejeo ya wimbi hilo. Katika mwili wenye mishipa laini, mwangwi wake hurudi moyo ukiwa umepumzika, na husaidia kuulisha msuli wa moyo damu. Mishipa ikikakamaa, mwangwi hurudi mapema, ventrikali ikiwa bado inasukuma. Moyo hupata mzigo zaidi na lishe pungufu kwa wakati mmoja. Msuli hunenepa, hukakamaa nao, na NT-proBNP huanza kupanda.

Damu na mishipa hukutana pia katika kolajeni. Aldosteroni, homoni inayohifadhi chumvi, huchochea makovu ya kolajeni ndani ya msuli wa moyo na ndani ya kuta za ateri. Utafiti wa RALES wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa spironolaktoni, dawa inayoizuia homoni hiyo, hupunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu sana. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa sehemu ya wagonjwa haohao ulionyesha kwamba faida ilionekana zaidi kwa wale ambao damu yao ilikuwa na vipande vingi vya utengenezaji wa kolajeni. Ushahidi wa aina hii unanivutia kuliko orodha ndefu ya viashiria vipya, kwa sababu unaunganisha alama, chanzo na dawa.

Hata hivyo, vipimo vyote viwili hupotosha vikisomwa peke yake. NT-proBNP hupanda figo zikichoka, mapigo yakivurugika au damu ikipungua, na upungufu wa damu ulikuwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wale wa Muhimbili. Unene nao hushusha kiwango chake. Utafiti wa GUIDE-IT wa Marekani na Kanada, mwaka 2017, uliongoza matibabu kwa kufuata kiwango hicho, wala haukushinda uangalizi wa kawaida. Kasi ya wimbi nayo hupungua moyo unapodhoofika na presha ikishuka, hata kama ateri ni ngumu vilevile. Kwa hiyo, kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hakikwepeki: ugumu wa ateri una maana moja kwa ventrikali inayosukuma vizuri lakini isiyolegea, na nyingine kwa iliyotanuka na kuchoka. Kwa mama aliyepata ugonjwa baada ya kujifungua, au kijana mwenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, mzigo mkuu hauko kwenye aota.

Mashine za kupima kasi ya wimbi ni adimu katika hospitali zetu, lakini mashine ya presha ipo hadi kwenye zahanati. Tofauti kati ya namba ya juu na ya chini huongezeka aota inapokakamaa. Ikiwa ndogo kuliko robo ya namba ya juu kwa mgonjwa mwenye moyo dhaifu, huashiria kuwa moyo unatoa damu kidogo mno. Namba hizo mbili huandikwa kila siku kwenye mafaili, na mara chache mtu hutoa moja kutoka kwa nyingine.

Ninachopendekeza ni utafiti utakaowagawa wagonjwa kwa chanzo na kwa eko tangu mwanzo, upime NT-proBNP, hemoglobini na figo siku ileile, na uweke kasi ya wimbi kando ya tofauti ya presha ili tujue lini hiyo ya pili inatosha. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hospitali ya Mulago na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, zina wagonjwa na wataalamu wa kuuanza.