Nyumba ya Msonge na Kazi ya Makumbusho Mlimani Kilimanjaro

Msafiri atokaye Moshi mjini, akapitia Himo na kupanda kwenda Marangu, huona migomba pande zote mbili za barabara, na katikati ya migomba huona mabati. Paa za nyasi hazionekani tena ila moja moja, na nyingi kati ya hizo zimejengwa makusudi ili zitazamwe. Huko Marangu yako makumbusho madogo ya Wachagga ambako mgeni huonyeshwa nyumba ya msonge pamoja na zana na vyombo vya wazee. Hutazama, huinama kuingia, hutoka akipangusa magoti, huondoka. Yafaa tujiulize makumbusho ya namna hiyo huhifadhi kitu gani hasa: ni nyumba, au ni ujuzi wa kuijenga?

Swali hili si la maneno matupu, kwa sababu msonge si jengo la kudumu kama ngome ya mawe. Ulijengwa hivi. Duara lilichorwa ardhini, miti ikakitwa kuizunguka, kisha ikapindwa na kukutanishwa kileleni. Fito zilifungwa kwa kamba za migomba, mviringo juu ya mviringo, mpaka nyumba ikawa kama tenga kubwa lililofunikwa kifudifudi. Ndipo ikaezekwa kutoka chini kwenda juu, kwa nyasi au kwa majani makavu ya migomba, na katika sehemu za Vunjo na Rombo maezeko yalishuka mpaka yakagusa ardhi. Dirisha halikuwapo. Mlango ulikuwa mmoja, tena mfupi, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya adui.

Ndani hapakuwa na nafasi iliyopotea. Upande mmoja walifungwa ng'ombe na mbuzi, upande wa pili palikuwa malazi ya watu, na mafiga yalikuwa kati. Juu ya moto kulikuwa na dari la kuanikia ndizi, ulezi na kuni. Moshi (wa jiko nausemea, si mji) ulipanda ukipenya katika nyasi zote, ukazikausha na kuwafukuza wadudu walao miti. Nyumba isiyowashwa moto ilioza upesi. Kwa hiyo waliokaa ndani ndio waliokuwa wakiihifadhi, hata wakiwa wamelala.

Wala nyumba hiyo haielezeki ikitengwa na kihamba kilichoizunguka. Ng'ombe wa mlimani hakuchungwa. Alifungwa ndani akaletewa chakula. Akina mama walishuka mpaka nchi ya chini, wakakata nyasi, wakapanda nazo kichwani. Samadi iliyopatikana ilipelekwa migombani. Migomba ikatoa chakula, ikatoa ndizi za mbege, ikatoa majani ya kulishia na ya kuezekea. Maji nayo yaliletwa na mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kutoka mito ya juu na kupitishwa ubavuni mwa milima kwa ustadi uliowashangaza Wazungu wa kwanza waliofika huko katika karne ya 19. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na zamu ya maji ilikuwa na kanuni zake. Asiyefika siku ya kusafisha mfereji alijua kitakachompata. Nyumba, ng'ombe, mgomba na maji vilikuwa kitu kimoja.

Ni kitu gani kilichouondoa msonge? Jibu ni kahawa, ingawa haikufanya hivyo kwa ubaya. Mibuni iliyoletwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19 ilistawi chini ya kivuli cha migomba. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaanzishwa Chama Kikuu cha Ushirika, yaani KNCU. Fedha za kahawa zilinunua elimu, kisha zikanunua mabati. Nani atamlaumu mzazi aliyetaka mwanawe asome penye dirisha, asiugue macho kwa moshi wala kulala hatua mbili kutoka kwa ng'ombe? Mimi simlaumu, na wale wanaousifu msonge wakiwa wamekaa katika nyumba zenye vioo nawaonea shaka. Watu wa mlima walichagua, nao walichagua vema. Lakini mtu akihama nyumba si lazima asahau jinsi ilivyojengwa.

Taifa letu lililiona jambo hili mapema. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na miaka minne au mitano baadaye Kijiji cha Makumbusho kikaanzishwa kando ya barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Humo zilijengwa nyumba za makabila mbalimbali katika uwanja mmoja: tembe ya Wagogo, msonge wa Wahaya, nyumba ya Wazaramo, na ya Wachagga pia. Lilikuwa wazo la hekima. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120 iliyokuwa ikijijenga kuwa taifa moja, kuziweka nyumba hizo jirani kulimwambia kila mtoto kwamba zote ni zake. Siku hizi jina la Makumbusho limekuwa la mtaa na la kituo cha mabasi, na wengi wateremkao hapo hawakumbuki limetoka wapi.

Hata hivyo, msonge wa mlimani uliowekwa karibu na bahari umo ugenini. Ulibuniwa kuzuia baridi mahali ambapo usiku mtu hutafuta moto. Pwani mtu hutafuta upepo. Hauna ng'ombe ndani, hauna mfongo nje. Unaonyesha umbo lake tu.

Mfano wa makumbusho ya wazi ya namna hii ulianzia Sweden. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen katika mji wa Stockholm, akahamishia huko nyumba za wakulima kutoka majimbo mbalimbali. Nyumba za magogo hufumuliwa gogo kwa gogo na kupangwa upya kwingine, zikabaki zile zile. Msonge haufumuliki hivyo. Ukiubomoa umebaki na rundo la kuni na nyasi kuukuu. Hauhamishwi, hujengwa upya tu, na wa kuujenga lazima awe fundi.

Kwa hiyo mfano unaotufaa zaidi uko jirani. Makaburi ya makabaka wa Buganda huko Kasubi, Kampala, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 jengo lake kubwa la nyasi liliteketea kwa moto. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na mwaka 2023 makaburi hayo yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yaliwezekana hayo kwa kuwa uezekaji wa Kasubi ni dhamana ya ukoo wa Ngeye tangu zamani. Moto ulikula nyasi, ujuzi ukabaki kwa watu.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikuundwa kwa ajili ya urithi wa namna hii. Inalihesabu jengo kuwa la kale likiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863, ingawa Waziri aweza kutangaza mengine. Kipimo hicho kinafaa kwa Kilwa na Bagamoyo. Nyumba ambayo maezeko yake hubadilishwa kila baada ya miaka michache haitafikisha umri huo kamwe, hata kama ujuzi wake una umri mara tatu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Nadhani huko ndiko njia ilikoelekea, kwa kuwa waliotambua walitazama kazi ya watu wala hawakuuliza umri wa ukuta.

Nikiwa mtumishi wa ofisi najua kwamba jambo lisilo na kasma halifiki Juni. Basi pendekezo langu ni dogo. Makumbusho ya mlimani, ya watu binafsi na ya umma, yasingoje msonge uanguke. Yaufumue kila maezeko yanapochoka, na mzee ajuaye alipwe kuujenga tena mbele ya vijana wa shule, siku kwa siku mpaka uishe, nao wafunge fito kwa mikono yao. Mafiga yawashwe. Ng'ombe mmoja afungwe ndani, na atakayemletea majani aonekane na wageni, kwa maana katika maonyesho mengi yeye ndiye asiyetajwa. Nyasi zenyewe hazipatikani tena karibu, kwani kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka kimekuwa ua. Itabidi zitafutwe nchi ya chini, na gari litahitajika kuzipandisha njia ile ile waliyoipanda akina mama.