Mtihani wa majengo ya kijani: Kukariri hakutoshi

Mbunifu majengo au mhandisi wa Nyasho, mjini Musoma, anayetaka cheti cha utaalamu wa majengo ya kijani anaweza kuanza na EDGE, mfumo wa IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalohudumia sekta binafsi. Mtahiniwa hupata mafunzo kwanza, kisha hufanya mtihani.

Msingi wa kuukumbuka ni asilimia 20. Jengo hulinganishwa na jengo la kawaida la eneo husika, nalo lazima liokoe angalau kiasi hicho katika nishati, maji na athari za utengenezaji wa vifaa vya ujenzi. Viwango hivyo havifidiani: jengo linalookoa asilimia 35 ya maji lakini asilimia 15 tu ya nishati halifuzu.

Programu ya EDGE hupatikana bure kwenye intaneti. Mtahiniwa achukue ramani ya nyumba anayoifahamu, abadilishe ukubwa wa madirisha, rangi ya bati na aina ya koki, kisha aone tarakimu zinavyopanda na kushuka.

Hata hivyo, cheti hicho si leseni. Mbunifu majengo nchini bado hulazimika kusajiliwa na bodi ya taaluma yake, AQRB, na mhandisi na ERB.