Harusi ya Luke na Laura: ndoa ilifuta nini?

Leo naomba tuongee juu ya harusi ya televizio. Musicheke, nitafika mahali pa maana.

Kwetu Bukavu, mama mdogo wangu alikuwa na kanuni moja: saa ya seri, hakuna mtu wa kumuuliza chakula kiko wapi. Majirani walikuja na viti vyao. Kama courant ilikatika katikati ya harusi, sebule yote ililia kama vile msiba umeingia. Kesho yake, kwenye bomba la maji, walianza kusimuliana upya: gauni ilikuwa hivi, bwana arusi alitoa machozi hivi, bibi wa zamani alitokea mlangoni hivi. Mimi nilikuwa mtoto, nilikaa chini na kusikiliza. Baadaye, kwenye masomo ya historia, walimu walinifundisha kwa maneno makubwa kitu ambacho nilikuwa nimekiona palepale kwenye bomba: watu hawakumbuki yote. Wanachagua.

Harusi ninayotaka kuwaonyesha haikufanyika kwetu, na mama mdogo hakuiona. Ni ya seri ya Marekani inayoitwa General Hospital. Seri hii ilianza kwenye televizio ya ABC tarehe 1 Aprili 1963, na mpaka leo inaendelea. Hadithi inapita kwenye mji wa kubuni, Port Charles, katika jimbo la New York. Aina hii ya seri Wamarekani wanaiita kwa jina la sabuni, na jina hilo lina sababu: zamani za redio, miaka ya 1930, viwanda vya sabuni njo vilikuwa vinalipia hadithi hizo, kwa kuwa wasikilizaji wake walikuwa wamama wenye kubaki nyumbani mchana.

Karibu na mwaka 1978, General Hospital ilikuwa inakufa. ABC ilimleta mtayarishaji mmoja, Gloria Monty, ili aiokoe. Aliongeza mwendo wa hadithi, akafupisha maongezi, akaweka vijana mbele. Mmoja wa vijana hao alikuwa Laura, aliyeigizwa na Genie Francis. Mwingine alikuwa Luke Spencer, mtu wa mitaani mwenye kufanya kazi na wahalifu, aliyeigizwa na Anthony Geary. Luke aliletwa kwa muda mfupi tu. Watu wakamupenda, akabaki.

Ndani ya miaka michache, wanafunzi wa universite za Marekani walikuwa wanajaa kwenye sebule za pamoja kila mchana ili kuona Luke na Laura. Ndiyo, wanafunzi kama sisi! Mwaka 1980 walifuata wapenzi hao wakikimbia wahalifu. Mwaka 1981 walifuata hadithi ya ajabu zaidi: mtu mwenye mashine ya kugandisha dunia kwa baridi, na Luke akaokoa mji. Gazeti Newsweek likawaweka wawili hao kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Halafu ikafika harusi, tarehe 16 na 17 Novemba 1981. Karibu watu milioni 30 waliitazama, katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 230. Tena ilikuwa mchana, siku za kazi. Mpaka leo hakuna seri ya mchana ya Marekani iliyofikia hesabu hiyo.

Ukisikia mashabiki wa wakati ule wakikumbushana, wanakuwa kama wale majirani wa kwetu. Wanakumbuka Elizabeth Taylor, nyota mkubwa wa sinema, aliyekubali kuigiza Helena Cassadine na kuja kuwalaani maarusi. Wanakumbuka Scotty, bwana wa kwanza wa Laura, aliyetokea bila kualikwa na kudaka maua ambayo bibi arusi alirusha. Wanakumbuka nani walikuwa naye kwenye kiti siku hiyo: mama, nyanya, rafiki wa chuo. Wengi wa watu hao wamekwisha kufa, donc harusi hiyo imekuwa pia njia ya kuwakumbuka. Hilo ninaliheshimu. Mama mdogo naye hayupo tena, na hata mimi nikiona bibi arusi wa televizio ninamuona yeye.

Lakini sasa turudi nyuma miaka miwili. Luke na Laura walianzaje?

Oktoba 1979, usiku, ndani ya disko ambamo wote wawili walikuwa wanafanya kazi. Laura alikuwa mke wa Scotty. Luke alimwambia anamupenda, Laura alikataa, akamuomba amuache. Luke alimbaka. Genie Francis aliyeigiza alikuwa na miaka 17.

Soma tena, polepole. Harusi iliyopendwa kuliko zote kwenye seri za mchana ilizaliwa na ubakaji.

Ilifanyikaje watu wasahau? Kwanza, seri yenyewe ilisaidia. Kadiri Luke alivyopendwa, neno "ubakaji" lilianza kuwa zito mdomoni, na tendo lilelile likaanza kuitwa kutongozwa. Pili, hadithi ilimfanya Luke kuwa shujaa, na shujaa wa mji ni vigumu kumuuliza alifanya nini disko. Tatu, na hapa ninataka tusimame, harusi ilikuja. Harusi ina nguvu ya ajabu. Inaonekana kama jibu, hata kama hakuna mtu aliyejibu swali.

Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1998. Luke na Laura walikuwa na mtoto kijana, Lucky. Katika hadithi, Lucky alikuwa anamsaidia msichana Elizabeth, aliyekuwa amebakwa. Katikati ya mambo hayo akagundua kwamba baba yake mwenyewe aliwahi kumfanyia mama yake tendo lile. Miaka 19 imepita, na sasa ni mtoto anayeuliza. Na mwaka 2020, Genie Francis mwenyewe alisema mbele ya kamera kwamba kwa miaka mingi alilazimika kutetea jambo lile, na kwamba hatalitetea tena.

Utaniuliza: ndugu, hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini?

Nilipokuwa na miaka kama tisa, kwenye parcelle ya karibu kulikuwa na ndoa. Nilitumwa kubeba kreti za sukari, nikacheza, nikala wali na nyama. Wiki chache mbele nilikuwa nimesikia wamama wakiongea chini kwa chini kwamba yule kijana alimshika yule binti kwa nguvu. Kisha wazee walikaa, wakapatana kwa masikilizano, mbuzi zikatoka, tarehe ikawekwa. Nilimuuliza mama mdogo. Akanijibu: "Si amemuoa? Basi, imeisha."

Imeisha kwa nani? Yule binti simukumbuki akicheka ile siku. Ukweli zaidi: simukumbuki kabisa. Nakumbuka sukari.

Sheria yetu nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji kwa miaka 5 mpaka 20 ya gereza, na inaadhibu pia ndoa ya kulazimisha. Wengi wetu tumeisoma, wengine wanaweza kuitaja kwa vifungu vyake. Lakini tunajua kwamba masikilizano ya familia yanaendelea kwenye mitaa yetu, na sherehe njo inayafunika. Jaji hawezi kufika mahali ambapo mtaa mzima umekwisha kula na kucheza.

Siwaambii muache kupenda seri. Mimi nazipenda, na sitaki kuwahukumu wamama waliolia kwa furaha Novemba 1981. Ninaomba tu sisi wenye diplome za historia, za sheria, za lugha, tufanye kazi tuliyofundishwa. Mtu akikusimulia harusi nzuri, msikilize mpaka mwisho, kisha muulize ilianzaje. Na kama bibi arusi bado yuko hai, muulize yeye.

Yule jirani wetu bado anaishi Bukavu. Nikirudi likizo hii, nitaenda kumsalimia. Sijui bado nitaanza na neno gani.