Deni la Udongo

Kila msimu mkulima hukopa katika udongo. Gunia la mahindi liendalo sokoni huchukua sehemu ya nguvu za shamba, na mvua iangukayo juu ya ardhi tupu huchukua sehemu nyingine. Deni hilo halina hati wala mdhamini, lakini lina siku yake ya kudaiwa. Wahenga walisema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali; na historia ya kilimo katika Tanzania, kwa sehemu kubwa, ni habari za watu waliolilipa deni hili na watu waliolisahau.

Kitu kikopwacho ni mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na samadi yaliyooza na kuchanganyika na udongo. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni kaboni. Mboji huushikamanisha udongo katika vidonge vidogo vyenye matundu, huhifadhi maji, huweka akiba ya naitrojeni, tena ni chakula cha minyoo, kuvu na bakteria. Ardhi ikifukuliwa, hewa huingia kwa wingi, viumbe hao hula upesi, na kaboni ya mboji hupotea angani. Katika nchi za joto kazi hiyo huenda mbio. Basi mtu asiyerudisha kitu shambani hula mtaji wake, hata kama mavuno ya mwaka wa kwanza na wa pili yanamchekea. Mbolea ya chumvichumvi yaweza kulisha mmea, lakini peke yake haitoshi kujaza pengo la mboji.

Wamatengo wa milima ya Mbinga, kusini mwa Tanzania, walilielewa jambo hili katika dhiki. Katika karne ya 19 mashambulio ya Wangoni yaliwabana milimani, penye miteremko mikali ambapo shamba la kawaida lingesombwa na mvua. Huko walitegemea kilimo kiitwacho ngoro. Mvua zinapoelekea kwisha majani hufyekwa, huachwa yakauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana mfano wa wavu. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika majani hayo. Mistari ikawa matuta, na katikati pakabaki shimo. Aghalabu wanaume hufyeka na kupanga majani, wanawake huchimba na kupanda. Maharage hutangulia juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu mwingine. Maji ya mvua hutua shimoni pamoja na udongo yaliouchukua, na magugu yaliyopaliliwa hutupwa humo humo. Majani yaliyozikwa huoza chini ya mizizi, nayo maharage huongeza naitrojeni. Hivyo shamba hilohilo linalotoa chakula hurudishiwa sehemu ya haki yake.

Sasa tutazame Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 serikali yake ilikubali mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 matrekta na mabuldoza yalianza kung'oa vichaka na mibuyu. Mvua za Kongwa ni chache na hazina ahadi. Udongo uliovuliwa mimea yake ulikauka kwa jua, ukawa mgumu hata karanga zikakataa kung'oka. Mapema mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Kosa la Kongwa lilikuwa kuidharau ardhi. Kosa la Uluguru lilikuwa la namna nyingine, maana huko nia ilikuwa kuiokoa. Maafisa wa kikoloni walikuwa wamesikia jinsi upepo ulivyopeperusha udongo wa mashamba ya Marekani katika miaka ya 1930, wakaogopa mmomonyoko. Katika milima ya Uluguru waliwalazimisha watu kukata miteremko kuwa ngazi. Lakini udongo wenye mboji huko ni tabaka jembamba. Ngazi ilipokatwa, udongo huo ulifukiwa, na ule mkavu wa chini ukaletwa juu upandwe mbegu. Mkulima alitoka jasho kwa amri, kisha akavuna haba. Mwaka 1955 watu walikataa. Ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjwa. Yamkini bwana shamba aliona ukaidi. Mwanamke aliyeshika jembe aliona rangi ya udongo wake imebadilika.

Tusiseme kwa hayo kwamba kila la zamani ni jema. Ngoro nayo ina masharti: inataka majani mengi, inataka shamba lipumzishwe ili majani hayo yaote, na inataka mikono mingi. Familia zikiongezeka na mashamba yakikosa mapumziko, majani ya kuzika hupungua, na hekima ya mababu hubaki umbo bila kiini chake. Kadhalika, kazi ya kuchimba imewaelemea wanawake kwa vizazi, na udongo uliolindwa kwa mgongo wa mtu mmoja ndani ya nyumba haujalindwa kwa haki.

Kwa hiyo mpango wowote wa kilimo, uwe wa mababu au wa wataalamu, wapaswa kuulizwa maswali mawili kabla ya kusifiwa. Unarudisha nini udongoni baada ya mavuno? Na mzigo wa kurudisha umewekwa juu ya bega la nani? Kongwa haikuwa na jibu la swali la kwanza. Uluguru haikuwa na jibu la lolote kati ya hayo mawili. Umatengo walijibu la kwanza vizuri sana, na la pili lingali linawangoja wao, pamoja nasi tulao mahindi na maharage ya wakulima.