Kipande na Simu

Msomaji, ukisimama Kibera alfajiri utawaona watu wengi wakitoka kwenda kazini. Wako waendao kwa miguu mpaka Eneo la Viwanda, kama baba zao walivyokwenda. Wako pia vijana wenye pikipiki ambao hawaendi kwa tajiri yeyote. Hutazama simu zao na kungoja ziwaambie chakula kichukuliwe wapi na kipelekwe kwa nani. Mfikirie mmoja wao. Akigongwa na gari katika barabara ya Ngong hali amebeba mzigo wa mtu, ni nani atakayelipa gharama ya hospitali? Kampuni yenye programu yaweza kusema kuwa yeye si mtumishi wake, bali ni mshirika anayejitegemea. Mwenye mkahawa atasema hamjui. Swali hili laonekana jipya, lakini mizizi yake ni ya zamani, na katika insha hii tutaifuata pamoja.

Tuanze na mahali penyewe. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitenga rasmi ardhi hiyo kwa ajili ya jeshi. Askari hao walitumika kwa miaka mingi. Walipewa ruhusa ya kukaa, lakini hati ya ardhi hawakupewa. Wajukuu wao walingoja hata mwaka 2017, ndipo jamii ya Wanubi ilipopata hati ya eka 288. Hapo twapata funzo la kwanza: utumishi ambao haki yake haikuandikwa husahauliwa upesi na yule aliyefaidiwa nao.

Walakini kuandikwa peke yake si haki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyekuwa mtu mzima alilazimishwa kuchukua kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Ndani yake yaliandikwa jina lake, alama za vidole, jina la tajiri wake, ujira wake, na siku aliyoachwa kazi. Mtumishi aliyeondoka kabla ya tajiri kutia saini alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Maandishi yalikuwapo tele, lakini yote yalimlinda tajiri.

Mtu mmoja aliyelipinga jambo hili ni Harry Thuku, ambaye alikuwa karani wa simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi. Alilaumu kipande, kodi, na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa watu 21. Lakini madai hayakufa pamoja nao. Mwaka 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kupinga sheria ndogo za mji. Mei 1950 Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, walikamatwa, na mji ukaingia katika mgomo mkubwa. Makhan Singh alizuiliwa hata mwaka 1961.

Wakati huo huo dunia nayo ilikuwa ikitafuta sheria ya pamoja. Shirika la Kazi Duniani liliundwa mwaka 1919, na makao yake yako Geneva. Lina desturi isiyopatikana penginepo: katika mkutano wake mkuu kila nchi hupeleka wajumbe wawili wa serikali, mmoja wa matajiri, na mmoja wa wafanyakazi. Mikataba yake huifunga nchi iliyoiridhia; mapendekezo yake huongoza tu. Mwaka 1930 lilitoa mkataba wa kupinga kazi ya kulazimishwa, na mwaka 1944, katika tangazo la Philadelphia, lilisisitiza kwamba kazi ya mtu si bidhaa. Kenya iliingia katika shirika hilo mwaka 1964, mara baada ya kupata uhuru.

Tangu hapo sheria zetu zimeendelea. Mwaka 2007 zilitungwa sheria za ajira, za vyama vya wafanyakazi, na za fidia kwa aumiaye kazini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika kazi. Je, kijana wetu wa pikipiki atakosaje kinga? Ni kwa sababu fidia ya sheria ile ni ya mwajiriwa. Aitwaye mshirika hubaki nje ya mlango. Neno moja tu katika mkataba, ambao aliukubali kwa kugusa kioo cha simu, laweza kumnyima yote yaliyopiganiwa kwa miaka 100.

Sisemi kwamba simu ni kipande. Hapana ashitakiwaye leo kwa kuizima, na wengi wamepata riziki kwayo. Lakini katika jambo moja vitu hivi vyafanana: sifa ya mtumishi huandikwa na kuwekwa na mwingine. Mteja hutoa nyota, programu huhesabu, na nyota zikipungua mtu aweza kufungiwa kazi bila ya kujitetea.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Uber ilianza kazi Nairobi mwaka 2015, na haikuchukua muda madereva wakagoma kwa ajili ya nauli ndogo. Mwaka 2022 serikali iliweka kanuni kwamba kampuni za namna hiyo zisikate zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Huko London, mwaka 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi, wenye haki ya ujira wa chini kabisa na likizo yenye malipo.

Nairobi imetoa kesi nyingine kubwa. Kampuni ya Sama iliajiri vijana, wengine wao wakazi wa Kibera, kufanya kazi za kompyuta kwa ajili ya kampuni za ng'ambo. Gazeti la TIME lilieleza mwaka 2023 kuwa baadhi yao walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wengine walikuwa wakichuja picha na maneno ya kutisha kwa ajili ya Facebook. Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, aliishtaki Sama pamoja na Meta, mwenye Facebook, mwaka 2022. Meta ilijibu kuwa haina makao Kenya, basi haiwezi kushtakiwa huku. Mahakama ilikataa hoja hiyo Februari 2023, na Mahakama ya Rufani ikaikataa tena Septemba 2024. Na tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Juni 2025 jambo hili lilifika Geneva. Mkutano mkuu ulikubali kwamba watu wanaofanya kazi kwa njia ya programu watungiwe mkataba pamoja na pendekezo, na mjadala wa pili ukawekwa katika mkutano wa mwaka 2026. Miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa ni malipo, usalama, hifadhi ya jamii, na haki ya kuelezwa sababu mtu anapofungiwa kazi.

Wazee walisema mnyonge hana haki. Historia hii yatuonyesha kwamba mnyonge hupata haki anapojulikana kwa jina lake la kweli na anapoungana na wenziwe. Siku moja nawe, msomaji, utapewa mkataba, wa karatasi au wa kioo. Kabla ya kuukubali, tafuta ndani yake maneno mawili: wewe waitwa nani, na tajiri wako ni nani. Yakikosekana, uliza.