Barua Iliyozaa Njia: Reli, Barabara Kuu na Baiskeli katika Viunga vya Chicago

Ukiifungua ramani ya jimbo la Illinois nchini Marekani na kuutazama upande wa magharibi wa jiji la Chicago, utaona mstari mwembamba unaoanzia Maywood, karibu na mto Des Plaines. Mstari huo unapita Bellwood, Elmhurst, Villa Park, Lombard na Glen Ellyn hadi mji wa Wheaton. Hapo unagawanyika mithili ya panda ya mti: tawi moja huelekea Elgin, kaskazini magharibi, na jingine Aurora, kusini magharibi. Hiyo ndiyo njia iitwayo Illinois Prairie Path. Ukiyajumlisha matawi yake yote utapata takriban kilomita 100, na katika urefu huo wote magari hayaruhusiwi. Wapitao humo ni waendao kwa miguu na wapanda baiskeli.

Kabla hatujaendelea, naomba nilieleze neno moja, kwa kuwa tutalitumia sana. Viunga vya jiji ni maeneo ya makazi yaliyo pembezoni mwake. Neno kiunga, kwa asili, lilimaanisha bustani au shamba la miti ya matunda kandokando ya mji. Miji ilipopanuka, mashamba yakageuka mitaa, na jina likabaki. Wanafunzi wangu hulichanganya na kitongoji, ambalo nchini Tanzania ni sehemu ya kijiji kiutawala. Chicago ina viunga vingi mno, na ardhi yake huuzwa kwa bei kubwa. Kwa hiyo swali langu leo ni hili: ukanda mrefu namna hii ulinusurikaje bila kujengwa nyumba, maduka wala maegesho ya magari?

Jibu lake limo katika historia ya reli. Mwaka 1902 kampuni moja ilianzisha huduma ya gari moshi la umeme kati ya Chicago na miji ya bonde la mto Fox. Nasema gari moshi kwa mazoea tu, maana halikuwa na moshi wowote. Lilipata nguvu zake kutoka reli ya tatu, yaani chuma chenye umeme kilichotandazwa kando ya reli mbili za kawaida. Baadaye reli hiyo ilijulikana kwa jina la Chicago Aurora and Elgin. Iliwachukua wafanyakazi asubuhi na kuwafikisha katikati ya jiji bila kubadilisha behewa, na jioni ikawarudisha nyumbani. Nyumba zikajengwa kuzizunguka stesheni, na watu wakanunua viwanja wakijua kwamba usafiri upo.

Ukiipita njia hii leo kwa baiskeli, miguu yako itakueleza historia hiyo kabla hujasoma bango lolote. Miinuko yake ni ya taratibu, kwa sababu wahandisi wa reli walisawazisha ardhi, wakachimba penye vilima na kujaza tuta penye mabonde. Kona zake ni pana, kwani gari moshi haliwezi kukata kona ghafla. Njia yenyewe hupita nyuma ya nyumba, penye nyua na kamba za nguo, wala si mbele ya milango kama barabara za kawaida. Pale Villa Park, stesheni ya mtaa wa Ardmore ingali imesimama, ingawa hakuna tena abiria anayesubiri chochote. Hata ile panda ya Wheaton si uamuzi wa mtu aliyefikiria baiskeli. Ni mahali ambapo reli ya Elgin na ile ya Aurora ziliachana.

Reli hiyo ilikufaje? Wapo wasemao kwamba watu walinunua magari wakaacha kupanda gari moshi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Chicago ilianza kujenga barabara kuu ya kutoka katikati ya jiji kuelekea magharibi, ambayo leo inaitwa Eisenhower. Barabara hiyo ilihitaji kupita palepale zilipopita reli za juu ambazo magari moshi ya Aurora na Elgin yalizitumia kuingia jijini. Basi tangu Septemba 1953 safari zake zikakomea Forest Park, nje ya jiji. Abiria akalazimika kushuka, kungoja na kupanda gari moshi la shirika la jiji ili amalizie safari yake. Mtu aliyezoea kuketi kitini mwake hadi karibu na ofisi yake hawezi kuridhika na mpango kama huo. Abiria wakapungua sana, na kampuni ikaenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuacha kuwabeba.

Ruhusa ilipatikana tarehe 3 Julai 1957, kesho yake ikiwa sikukuu ya uhuru wa Marekani. Kampuni haikungoja hata jioni. Adhuhuri ileile safari zilisimamishwa. Tafakari, msomaji, hali ya wale waliokwenda kazini asubuhi kwa gari moshi hilo, wakatoka ofisini jioni, wakafika stesheni na kukuta hakuna cha kuwarudisha nyumbani. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba jambo linaweza kuwa halali mbele ya sheria na bado likawa la kukosa utu. Siku hiyo ni mfano mzuri.

Mabehewa ya mizigo yaliendelea hadi 1959, na mwaka 1961 reli ikafutwa rasmi. Reli zikang'olewa na kuuzwa. Kilichobaki ni tuta, kokoto, magugu na madaraja matupu. Miji iliyopitiwa na ukanda huo ilianza kuutupia macho, huyu akitaka maegesho, yule akitaka kupanua barabara. Tena ukanda wa namna hii una tabia moja inayoutofautisha na kiwanja cha kawaida. Kiwanja ukikikata nusu, unabaki na nusu yenye manufaa. Ukanda ukikatwa mahali pamoja tu, pakajengwa ghala au duka, manufaa yake ya kuunganisha mji na mji yamekwisha, hata kama kilomita nyingine zote zingali wazi.

Hapo ndipo anapoingia May Theilgaard Watts. Bibi huyu alizaliwa mwaka 1893, akasomea botania na ikolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akafanya kazi ya kuwafundisha watu habari za mimea katika bustani kubwa ya miti iitwayo Morton Arboretum, karibu na mji wa Lisle. Mwaka 1957, mwaka uleule reli ilipowaacha abiria wake, alitoa kitabu kiitwacho Reading the Landscape, kinachomfundisha msomaji kuisoma ardhi kama asomavyo ukurasa. Mwezi wa Septemba 1963, akiwa na umri wa miaka 70, aliliandikia gazeti la Chicago Tribune barua kwa mhariri.

Barua kwa mhariri! Ndiyo hiyohiyo tunayoifundisha darasani, na ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa zoezi la kupatia alama tu. Huanza kwa anwani, ikafuata salamu, kisha lalamiko, kisha ombi kwamba wahusika wachukue hatua. Watts hakuandika hivyo. Alianza kwa hoja fupi kabisa, kwamba binadamu hutembea kwa miguu miwili na kwa hiyo anahitaji njia ya miguu. Akataja kwamba nafasi ya kuipata iko mbele ya macho ya watu wa Chicago, nayo haitadumu. Halafu akafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha barua ile: akamwomba msomaji ajione yuko miaka kadhaa mbele, siku ya majira ya kupukutika kwa majani, akitembea katika njia ambayo bado haipo.

Akamtembeza. Hapa pana kichaka cha miti ya matunda ya mwituni, pale pana uwanda wa nyasi ndefu za asili. Kumbuka kwamba Illinois huitwa jimbo la nyanda za nyasi, ingawa sehemu kubwa mno ya nyanda hizo ililimwa ikaisha. Neno prairie katika jina la njia linatokana na hizo. Kila kipande cha njia alikikabidhi kwa kikundi fulani cha watu: wapenzi wa ndege hapa, wapenzi wa bustani pale, skauti wakipanda mbegu za miti, wanafunzi wa chuo kikuu wakihesabu mimea katika sehemu iliyoachwa bila kuguswa. Kila aliyeisoma barua ile na ambaye alikuwa mwanachama wa chama chochote aliiona nafasi yake humo. Baada ya kuijenga picha hiyo yote, ndipo alipokumbusha kwamba ardhi ingali inangoja, na kwamba mikono mingi inaitamani na matingatinga yako tayari.

Tazama mpangilio wake. Lalamiko limewekwa mwisho, na ni fupi. Kama angeanza nalo, msomaji angefungua ukurasa wa michezo.

Lakini barua peke yake haijengi njia. Baada ya kuchapishwa, Watts na wenzake walipita katika vyama, makanisa na halmashauri za miji wakionyesha picha na kueleza nia yao. Mwaka 1965 waliunda shirika lisilo la faida lenye jina la njia yenyewe. Mwaka 1966 kaunti ya DuPage ilitia saini mkataba wa kulikodisha shirika hilo ukanda uliokuwa ndani ya mipaka yake. Angalia kwamba wananchi hao hawakupewa zawadi, walipewa mkataba, pamoja na wajibu wa kuitunza ardhi. Wakawa wanafyeka vichaka, wanaokota taka na kuweka alama. Miaka mingi ilipita kabla kaunti haijaichukua kazi kubwa ya matengenezo. Wheaton pana bustani ndogo pale matawi yanapokutana, na jina lake ni Volunteer Park, yaani bustani ya watu wa kujitolea.

Serikali kuu nayo ilikuwa inaanza kuamka. Mwaka 1968 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mfumo wa taifa wa njia za miguu, na mwaka 1971 njia hii ikatambuliwa chini ya sheria hiyo. Mwaka 1983 sheria hiyo ilirekebishwa ili reli isiyotumika iweze kuwekwa akiba: reli inaondolewa, ukanda unabaki mzima, watu wanatembea na kuendesha baiskeli, na siku gari moshi litakapohitajika tena ardhi itakuwapo. Usidhani kila mtu alifurahi. Kampuni nyingi za reli hazikuwa zimenunua ardhi kabisa, bali zilikuwa na haki ya kupita juu ya mashamba ya wengine. Wenye mashamba wakauliza: gari moshi likiondoka, kwa nini nisirudishiwe changu? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1990 iliikubali sheria ile kuwa halali kikatiba, lakini ikaacha wazi mlango wa wenye ardhi kudai fidia. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa haki. Manufaa ya umma yasigeuzwe kisingizio cha kumnyang'anya mtu mmoja bila malipo.

Je, Watts alipata alichokiomba? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Alifariki mwaka 1975, akiwa ameiona njia ikitumika. Hata hivyo, katika barua yake baiskeli zilikuwa na ukanda wao wa pembeni, zikipita kwa kasi bila kuhatarishwa na magari na bila kuwahatarisha waendao kwa miguu. Ukanda huo wa pili haukujengwa. Leo mtembezi, mzee mwenye mbwa, mtoto anayejifunza baiskeli na kijana aliyevaa kofia ngumu akikimbilia Elgin wote wanagawana njia moja ya kokoto laini za mawe ya chokaa. Kengele ya baiskeli imekuwa ndiyo mpaka baina yao.

Upande wa mashariki, katika kaunti ya Cook, njia ilichelewa kufika. Maywood, mji ambao wengi wa wakazi wake ni Wamarekani weusi, ulikuwa nje ya mkataba ule wa kwanza wa DuPage. Huko ukanda ni mwembamba zaidi na mitaa ya kuvuka ni mingi, hivyo mpanda baiskeli husimama kila baada ya muda mfupi. Na akifika hapo akitokea Aurora, bado hajafika Chicago. Akitaka kuingia katikati ya jiji bila kugombea nafasi na magari, itambidi avuke mto Des Plaines hadi Forest Park, palepale ambapo tangu mwaka 1953 abiria wa reli walishushwa wabadilishe gari moshi. Huko atakuta stesheni. Saa ambazo wafanyakazi si wengi, baiskeli huruhusiwa ndani ya mabehewa. Ataipakia yake, ataketi, na gari moshi litampeleka jijini likipita katikati ya barabara kuu ya Eisenhower, magari yakienda kulia na kushoto kwake.