Mlango Usio na Kibao: Baa za Vichochoroni na Mpaka wa Hisba

 

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa anasoma Melbourne, Australia, ameniandikia kuuliza. Wenzake wa chuo humwalika jioni kwenda kuzunguka vichochoro vya mji kutafuta baa zisizo na kibao, ambazo milango yake hufanana na ya ghala. Ndani huuzwa kokteli, yaani pombe kali iliyochanganywa na maji ya matunda na sukari. Yeye hanywi. Anasema: mahali penyewe pamefichwa, hapamtangazii mtu maasi, nami naenda kutazama majengo tu; je, kuna ubaya gani?

Upande mmoja wa swali lake jibu lake ni fupi, kwani imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) katazo la kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Lakini neno "pamefichwa" lilinishughulisha siku kadhaa. Katika fiqhi ya hisba neno hilo lina hukumu zake, na katika historia ya miji lina kisa.

Melbourne ilipimwa mwaka 1837 na Robert Hoddle. Barabara kubwa zilipewa upana wa futi 99, na baina yake njia ndogo za futi 33. Vichochoro vilizaliwa baadaye, wenye viwanja walipogawanya ardhi na kuhitaji njia ya nyuma ya kupitishia mizigo na kutolea uchafu. Mtu mwenye heshima zake hakupenda kuonekana huko. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, jimbo la Victoria liliamuru baa zifungwe saa kumi na mbili jioni, baada ya vyama vya kupinga ulevi kulipigania jambo hilo kwa miaka. Wafanyakazi wakitoka kazini saa kumi na moja wakikimbilia baa na kunywa kwa pupa ndani ya saa moja, na mwenye kutaka zaidi akinunua kwa siri. Amri ile ilidumu mpaka 1966. Mwaka 1988 ikaanza kutumika sheria mpya iliyolegeza leseni, na mwaka 1994 ikafunguliwa baa ndogo katika kichochoro kiitwacho Meyers Place. Zikafuata nyingi. Ajabu yake ni kwamba zilijificha wakati ambapo hapana tena askari wa kuzitafuta. Maficho yamekuwa pambo.

Pambo hilo nalo lina asili yake, na ili kuifahamu inatubidi tuende Marekani, kwani mtindo wa baa ya mlango wa siri umeigwa kutoka huko.

Tarehe 17 Januari 1920 nchi nzima ya Marekani iliingia katika katazo la pombe kwa maandishi ya katiba yao. Msomaji atambue kuwa sheria ile ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha; kunywa kwenyewe haikukukataza. Aliyekuwa na akiba nyumbani aliendelea nayo, na daktari aliweza kuandika pombe kama dawa. Palepale zikaibuka baa za siri, ambazo Wamarekani waliziita kwa jina lenye maana ya "sema kwa sauti ya chini". Pombe ya magendo ilikuwa mbaya, basi wakaifunika ladha yake kwa sukari na matunda; kokteli zilikuwapo tangu zamani, lakini zama hizo zilizikuza. Serikali nayo ilikuwa ikitia sumu katika spiriti za viwandani ili zisinywewe. Zilinyweka, na watu wakafa.

Iliyosifika kuliko zote ilikuwa 21 Club, mtaa wa 52, New York. Pombe yake ilihifadhiwa nyuma ya mlango wa ukuta wenye uzito wa takriban tani mbili na nusu, uliofunguka kwa waya mwembamba uliotiwa katika tundu dogo. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya nyumba ya jirani, namba 19, ili mwenye namba 21 akiulizwa aweze kujibu kuwa ndani ya nyumba ile hamna pombe, na asiwe mwongo. Wanafunzi waliosoma milango ya hila za kifiqhi watatabasamu hapa.

Katazo lile lilifutwa tarehe 5 Desemba 1933. Wengi wetu hupenda kulilinganisha na Madina, na ulinganisho huo ni sahihi kwa sehemu. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha aliposikika mpiga mbiu, akaamrishwa atoke aimwage, ikatiririka katika njia za Madina. Neno lililomo katika hadithi ni *sikak*, nalo ni hivi vichochoro tunavyovizungumza. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza sababu: lau katazo la pombe lingeteremka mwanzo, kabla ya kutajwa Pepo na Moto, watu wangekataa. Haya tunayasema sana mimbarini. Tusiloligusa ni hili: baada ya kuharimishwa, Waislamu walifanya nini na yule aliyebaki anakunywa nyuma ya mlango wake?

Abdurrazzaq amepokea katika Musannaf kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alizunguka usiku pamoja na Abdurrahman bin Auf, wakaona taa katika nyumba na kusikia makelele. Umar akasema kuwa hiyo ni nyumba ya Rabia bin Umayya na kwamba wamo wanakunywa. Akataka rai ya mwenzake. Abdurrahman akamjibu kuwa anaona wao wawili wamelifanya alilolikataza Allah, yaani kupeleleza, akiashiria aya ya 12 ya Surat al-Hujurat. Umar akaondoka akawaacha.

Juu ya msingi huo al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria, 1058) ameweka kwamba muhtasib hachunguzi yasiyodhihiri, isipokuwa akipewa habari na mwaminifu ya jambo lisiloweza kurekebishwa likishatokea, kama mauaji. Na akisikia sauti ya munkari kutoka nyumbani, huikanya akiwa nje bila kuvamia. Al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, 1111) analegeza kidogo pale sauti za walevi zinapofika njiani kwa wapita njia, lakini anakaza upande wa pili: haijuzu kutega sikio mlangoni, wala kunusa ili kuipata harufu ya pombe, wala kuwahoji majirani.

Sasa tazama. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Roy Olmstead, mfanya magendo wa Seattle aliyewahi kuwa afisa wa polisi, ambaye maofisa walizinasa nyaya za simu zake. Majaji watano kwa wanne walisema hapakuwa na upekuzi, kwa kuwa hakuna aliyeingia nyumbani kwake. Jaji Louis Brandeis alipinga, na mwaka 1967 mahakama hiyohiyo iliiacha kauli ile. Kwa al-Ghazali jambo lilikuwa wazi tangu zama zake, kwani sauti iliyotoka yenyewe si sawa na sauti iliyofuatwa.

Nayasema haya kwa sababu kila Ramadhani inapokaribia, maimamu huulizwa na vijana kama inajuzu kuvunja mlango wa nyumba inayosemekana kuuza pombe. Nyumba inayouzia watu si sawa na mtu aliyejifungia chumbani mwake, hilo nalikubali. Madhara yake huwafikia wengine, na mahali pake ni kwa wenye mamlaka, kwa ushahidi. Lakini kijana mwenye rungu na "nimesikia" hana dalili katika vitabu hivi.

Ama mwanafunzi wangu, nilimjibu kuwa baa zake hazimo katika mlango wa sitara kabisa. Kilichodhihiri kwa mafakihi ni kile kinachojulikana bila kupelelezwa, na baa ya kichochoroni ambayo majina na njia zake zimechapishwa katika vitabu vya watalii imedhihiri, hata kama mlango wake hauna kibao. Akitaka kuona majengo, vichochoro vile vipo pia asubuhi.